Mpe Kitu Kinachoisha

Kadi ya harusi ya kawaida huanza na wazazi: familia ya Bwana na Bibi Fulani wa Laela inayo furaha kukualika kwenye harusi ya kijana wao mpendwa. Ukipokea kadi iliyogeuzwa, ambayo watoto ndio wanaokualika kwenye harusi ya baba yao mpendwa, kaa kwanza. Hii si harusi ya kukimbilia duka la vyombo.

Harusi hizi si nadra mjini Sumbawanga wala huko vijijini, kuanzia Matai hadi Namanyere. Zipo za mgane na mjane, na za watu walioachana na wenzi wao wa kwanza, wakakutana baada ya kila mmoja kulea wanawe. Zipo pia zile ambazo parokiani huitwa kutengeneza ndoa: wawili wameishi pamoja miaka ishirini na kitu, wana watoto wa pamoja na wengine ambao kila mmoja alikuja nao, hatimaye paroko amewauliza mambo haya hadi lini, nao wamekubali kusimama mbele ya altare, shela ya bibi harusi ikishikwa na mjukuu. Mapadri Weupe walishika ngome ya Karema mwaka 1885, na dini ikapanda Ufipa kutoka huko ziwani, kwa hiyo swali la nani kafunga na nani hajafunga limejadiliwa huku kwa muda wa kutosha. Mgeni mwalikwa hana haja ya kulifufua kwenye foleni ya chakula.

Tuseme, ili twende pamoja, bwana harusi ni mwalimu mstaafu wa Kizwite, mgane, miaka 63, watoto sita. Bibi harusi ni mama wa miaka 57 aliyekuwa akipandisha migebuka mikavu kutoka Kasanga, mjane, watoto wanne, wa mwisho bado yuko sekondari. Baba ana nyumba. Mama ana nyumba. Kila nyumba ina kabati la vyombo, na kila kabati lina sahani ambazo hazijawahi kupakuliwa chakula tangu zitolewe kwenye boksi. Wewe unaingia na seti ya vikombe sita.

Maharusi wachanga shida yao ni kukosa vitu. Hawa vitu wanavyo, na shida ni kwamba kila kitu kina mwenyewe, na mwenyewe huyo mara nyingine yuko makaburini. Ndiyo maana mwongozo huu una kanuni moja tu: mpe kitu kinachoisha. Kikiisha hakirithiwi, na kisichorithiwa hakiitishiwi kikao cha ukoo.

Kabla ya duka, tafuta daftari. Kila harusi ya kwetu ina mtu aliyekaa kando ya meza ya zawadi na kaunta buku, anaandika nani kaleta nini, ili siku ya huyo aliyeleta irudishwe. Sasa fikiria: bwana harusi wa miaka 63 amechanga katika harusi za mtaa mzima, za wanafunzi wake, za watoto wa wanafunzi wake. Yeye ndiye anayekudai. Kama alikuletea mbuzi mwaka 1998, hutakwenda kumlipa kwa jagi na bilauri zake. Anakumbuka. Hata kama yeye amesahau, marehemu mkewe aliandika, na daftari lake limo katika sanduku la bati ambalo mkwe mkubwa ameshalifungua na kulisoma hadi ukurasa wa mwisho.

Muda wa kufanya utafiti huo unao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanaokusudia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla, na Kanisa hutangaza Jumapili tatu. Hesabu ni ile ile. Siku hizo ziliwekwa ili mwenye pingamizi ajitokeze. Kwa harusi ya wazee hutumiwa zaidi na watoto walioko Mbeya na Dar es Salaam kupigiana simu usiku, wakiulizana kama mwenzao naye amesikia walichokisikia. Sheria hiyo hiyo inasema mwanamke aliyefiwa na mume yuko huru kuishi anapotaka na kuolewa tena na mwanamume anayemtaka, mila iseme isemavyo. Mashemeji wengi hawajaifikia sehemu hiyo. Kwa hiyo usinunue kitu mpaka tangazo la tatu lipite salama. Kweli, sheria inaruhusu mtu kudai zawadi aliyoitoa kwa sharti la ndoa ambayo baadaye haikufungwa, lakini jaribu wewe kwenda mahakama ya mwanzo kumdai mwalimu wako wa darasa la nne chupa ya chai.

Haya, tuingie madukani, tuanze na vya kukwepa.

Vyombo. Jikoni kwa mzee kuna sufuria zenye alama ya rangi ya kucha nyekundu kwenye kitako. Alama hiyo aliipaka marehemu, ili sufuria zake zikienda msibani zirudi. Jikoni kwa bibi harusi kuna sufuria zenye alama ya bluu. Sasa wewe unaleta sufuria tano zisizo na alama, na kwa ukarimu wako unamlazimisha mama wa watu kuamua, mbele ya mabinti wa marehemu, atapaka rangi gani. Akipaka nyekundu amejifanya mama yao. Akipaka bluu ameanza kujitenga siku ya kwanza. Akinunua rangi ya tatu ameingia gharama, na bado wataulizana kijani ina maana gani.

Hapa niseme neno kuhusu kicheni pati, kwa sababu wapo wanaosisitiza kwamba sherehe bila kicheni pati haijakamilika, hata bibi harusi akiwa na wajukuu saba. Nimeona jambo hili likifanyika na siwezi kulisahau: wasichana wa miaka ishirini na sita, wawili kati yao amewazaa mwenyewe, wakimfundisha mama huyo namna ya kumpokea mume anayerudi kutoka kazini. Mume amestaafu. Harudi kutoka popote. Kama huna budi kuhudhuria, nenda na doti ya khanga, kaa nyuma, na uombe mafunzo yatolewe na aliyealikwa kufundishwa.

Saa ya ukutani. Inaonekana haina hatia. Lakini sebule ya mgane ina ukuta mmoja wenye msumari mmoja mzuri, na kwenye msumari huo ipo picha ya marehemu katika fremu, amevaa gauni la Pasaka. Saa yako yenye picha ya maporomoko ya maji inahitaji msumari. Mtoto yeyote atakayerudi Krismasi na kukuta maji yanamwagika mahali pa mama yake atauliza ni nani aliyeleta saa, na jina lako limeandikwa nyuma kwa kalamu ya wino usiofutika.

Kitanda. Hapa kuna ubishi wa kweli na nitasimama upande mmoja. Wapo wanaosema marafiki wa karibu wachange wanunue kitanda kipya cha sita kwa sita na godoro lake, kwa sababu haifai bibi harusi alale pale alipofia mwenzake. Hoja ni nzuri. Ubaya uko katika namna kinavyoletwa: kimebebwa na vijana wanne wakicheza kuelekea meza kuu, mshereheshaji akipiga kelele kwenye kipaza sauti kwamba kazi ianze usiku huu huu, huku watoto kumi wa maharusi wakiangalia sakafu. Kitanda kinunuliwe, ndiyo. Kiingizwe ndani Jumanne mchana, watu wakiwa shambani.

Na sasa mabati, ambayo ndiyo zawadi inayopendwa kuliko zote na iliyovunja undugu kuliko zote. Mabati ni zawadi ya heshima Ufipa. Mtu akileta bandali la geji 28 ukumbini, hata waliokuwa wanatafuna wanasimama. Tatizo ni kwamba mabati yanahitaji paa, na paa lina nyumba chini yake. Kijana wa kwanza wa bwana harusi atakusogelea ukiwa bado unajifuta jasho la kucheza.

“Mjomba, shikamoo. Haya mabati ni ya nyumba ya baba au ya nyumba ya mama?”

“Marahaba. Ni ya maharusi, mwanangu.”

“Maharusi hawana nyumba, mjomba. Baba ana nyumba, na mama ana nyumba.”

Huyo kijana si mkorofi. Anajua nyumba ya Kizwite ilijengwa na baba na mama yake, kwa matofali waliyochoma wenyewe, na kwamba bati jipya likipanda pale, miaka kumi baadaye atatokea mtu wa kusema paa ni la upande wa pili. Na mabinti wa bibi harusi wanajua vivyo hivyo kuhusu nyumba yao: yakipanda mabati ya harusi, baba wa kambo amepata mguu ndani. Sheria ya Ndoa nayo inasema mali iliyopatikana ndoa ikiwa hai kwa jina la mmoja huchukuliwa kuwa yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na iliyo kwa majina ya wawili huchukuliwa kuwa ya nusu kwa nusu. Jaribu kugawa nusu kwa nusu paa lililokwisha kupigiliwa misumari. Wenye busara wakubwa wameamua mabati yajenge kitu cha tatu: banda la kuku, choo, jiko la nje. Nasikia hata jiko la nje liliwahi kuzua maneno, kwa sababu lilikuwa karibu zaidi na dirisha la mmoja kuliko la mwingine. Ukishindwa kabisa kujizuia kununua mabati, andika majina yote mawili kwenye kadi, kwa herufi za ukubwa mmoja, na ufuatane nayo kimya.

Ng'ombe ni mbaya zaidi ya mabati. Bati angalau halizai. Leo unatoa ndama jike mmoja, unapigiwa vigelegele. Baada ya miaka minane pana ng'ombe sita na maksai wawili wa plau, na kikao kinaketi kuamua kama mtoto wa ng'ombe wa harusi ni wa harusi. Mbuzi, kwa upande mwingine, ni mnyama mwenye adabu, kwa sababu anachinjwa Jumapili na kufikia Jumatatu ameshamalizika.

Jiko la gesi limekuwa zawadi ya fasheni tangu Serikali izindue, mwaka 2024, mkakati wa nishati safi wenye lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye majiko ya namna hiyo ifikapo mwaka 2034. Ukihudhuria harusi za Sumbawanga utadhani tumeamua kulifikisha lengo hilo peke yetu kabla ya mwaka kwisha. Mitungi minne katika sherehe moja si ajabu. Gesi inaisha, na hilo ni sifa kwake, lakini mtungi hauishi. Ukitaka kuwa mtu mwema, mlipie mama gharama ya kujaza mitungi aliyonayo.

Jokofu nalo si la kukimbilia. Kwa miaka mingi umeme wa Rukwa tumeununua Zambia, na baridi tumepewa bure na Mungu. Juni na Julai, kwenye mwinuko huu wa mita 1,800 hivi, maziwa yaliyoachwa mezani usiku asubuhi yanakungoja yalivyo. Ni katika miezi hiyo ya baada ya mavuno ndipo harusi zinapojaa, maana mahindi yameuzwa na Kwaresima iko mbali. Hapo blanketi lina nafasi, na nakiri linavunja kanuni yangu, kwa maana blanketi zuri huishi kuliko mwenye nalo. Lakini nunua moja, kubwa. Kununua mawili ya mtu mmoja mmoja ni kutoa maoni ambayo hukuombwa.

Vinavyofaa sasa. Sukari kiroba kizima. Mafuta ya alizeti ya kukamuliwa Sumbawanga. Maharage madebe mawili. Mahindi ni sawa ikiwa maharusi wanaishi mjini. Kumpelekea mahindi mkulima wa Kaengesa mwezi wa Julai ni kumwongezea tatizo la mahali pa kuhifadhi. Migebuka usimpelekee mama aliyeiuza maisha yake yote. Ataikagua mkiani, atajua uliinunua kwa nani na ulipunjwa kiasi gani, na atalazimika kukuonea huruma siku ya harusi yake.

Zawadi ninayoitetea mimi ni mbolea. Najua haina urembo. Haifungwi kwa karatasi ya kung'aa, haipendezi kwenye picha, na mtu anayecheza na mfuko wa kilo 50 kichwani hana budi kupunguza madoido. Lakini angalia inavyofanya kazi: mifuko miwili, mmoja shamba la baba, mmoja shamba la mama; ifikapo Machi imeshageuka mahindi, ifikapo Agosti mahindi yamegeuka ada na ugali, na hakuna mwanasheria duniani awezaye kuorodhesha kwenye mirathi mbolea iliyokwisha kunyweshwa mvua. Jambo moja tu: tangu ruzuku ya mbolea ianze msimu wa 2022/23, anayeipata kwa bei ya ruzuku ni mkulima aliyesajiliwa. Kwa hiyo muulize bibi harusi namba yake ya usajili kabla ya sherehe. Ni njia nzuri pia ya kujua kama mashamba bado ni mawili.

Kwa wasomi, lipo jembe. Uwanda huu ulikuwa nchi ya wafua chuma, na mabaki ya matanuru yao bado yamesimama sehemu mbalimbali za Ufipa: matanuru ya udongo marefu kupita mtu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Majembe yaliyotoka huko yalienda sokoni na yalienda kwenye mahari. Na tanuru lile kubwa halikutoa jembe. Lilitoa bonge la chuma lenye takataka zake, likaingizwa tena katika tanuru dogo lenye mivukuto, ndipo fundi akapata kitu cha kufua. Ukipewa nafasi ya kusema neno ukumbini, unaweza kusema kwamba ndoa ya pili ni tanuru lile dogo, na wazee watakupigia makofi. Usiendelee zaidi ya hapo, maana utaulizwa takataka ni nani. Jembe lenyewe, la siku hizi la dukani, linakidhi kanuni yangu: hulika taratibu mpaka linabaki kijiko.

Bahasha? Bahasha inaisha haraka kuliko vyote, lakini inaishia kusikostahili. Mhazini wa kamati anadaiwa na mwenye ukumbi, mwenye ukumbi anadai na spika, na pesa yako hugeuka kuwa soda kabla bibi harusi hajajua uliitoa. Mpe mkononi, wiki moja baadaye, ukienda kuwasalimu. Bima ya afya nayo nimeshauriwa kuitaja, na kweli ni zawadi ya maana kwa watu wa umri huo; ila kwa miaka mingi mifuko yetu imehesabu familia kuwa watu sita, na familia yetu ya mfano ina kumi na wawili bila wajukuu. Kabla ya kulipa itakubidi uchague nani aruhusiwe kuugua.

Usimsahau yule wa sekondari. Katika sherehe nzima yeye ndiye pekee anayehama nyumba bila kuulizwa. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari, sanduku na godoro la bweni havikuondolewa. Mpe vitu hivyo yeye, kwa jina lake, pembeni, bila mshereheshaji. Na usimwambie kwamba sasa amepata baba. Alikuwa naye.

Wageni wanaotoka Dar es Salaam wana mtihani wao mmoja: wasifanye utani wa radi, ule wa kutusingizia uchawi. Kila harusi yupo mmoja atakayesimama na zawadi yake na kusema ameileta kwa gari kwa kuwa tiketi za radi zilikuwa zimeisha. Tumeusikia utani huo. Tumeusikia tangu Sumbawanga ilipokuwa inafikiwa kwa vumbi kutoka Tunduma. Wenyeji watacheka kwa adabu, Wafipa ni watu wa adabu, kisha watamweka meza iliyo karibu na mlango.

Halafu kuna wageni wa upande wa tatu. Upande wa bwana harusi utaitwa kuleta zawadi, utacheza. Upande wa bibi harusi utaitwa, utacheza zaidi. Ndugu wa marehemu mke hawaitwi, kwa kuwa mshereheshaji hana jina la kuwaita, lakini mara nyingi dada mtu huja, na anapoinuka muziki hukosa uamuzi. Nimewahi kumwona mmoja akiwa na zawadi sahihi kuliko zote usiku ule: ndoo ya unga wa ulezi. Alimwambia bibi harusi, “Dada, shemeji anapenda ugali wake mgumu.” Hilo tu, akarudi kuketi. Unga ule haukumaliza mwezi, na bibi harusi alipata taarifa ambayo kicheni pati nzima haikumpa.

Saa sita za usiku zikikaribia, zawadi zitapakiwa kwenye kirikuu nje ya ukumbi: sufuria zisizo na rangi, saa yenye maporomoko, mitungi minne, bandali la bati. Watoto wa pande mbili watakuwa wamesimama pande mbili za gari, wamekunja mikono kwa sababu ya baridi, au kwa sababu nyingine. Dereva atawasha injini na kuuliza swali ambalo kamati imelikwepa miezi mitatu: mzigo unakwenda nyumba ipi? Usimjibu. Mifuko yako ya mbolea ulishaishusha shambani tangu Alhamisi. Aga watu, vaa koti, tafuta bodaboda.